Utakaposimama Mlangoni Mchana

Mwanasha mwanangu,

Jioni utakuwa umerudi, utakaa hapa sebuleni na mimi, na bado nakuandikia barua kama uko mbali. Usinicheke. Yako maneno ambayo nikikutazama usoni hayatoki, na kesho uwanja wa ndege watakuwapo shangazi zako na majirani na simu za kupigia picha, nami nitalia, najijua. Basi nimeona bora niyaweke hapa, uyasome ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kusimama ukaenda zako.

Tangu ulipofunga geti kwenda Kisauni kumuaga shangazi yako sijatulia. Nimefagia ua uliokwisha fagiwa. Nimefungua sanduku lako, nikatoa lile dera la maua, nikalirudisha. Nimekaa kuandika, nikanyanyuka kutazama sufuria, nikakuta moto sijauwasha.

Sitakwambia habari za sweta, wala dawa ya kuzuia kutapika, wala ujihadhari na watu. Hayo Mtongwe nzima imeshakwambia, na wengi wao hawajapanda chombo kikubwa kuliko feri ya Likoni. Mimi nataka kukwambia habari za mlango.

Wiki iliyopita nilikuwa napita na karai la nguo, nikakusikia chumbani unajisomea mbele ya kioo. Ulikuwa unasema kile Kizungu cha mafunzo ya kazi yako ya melini, laini, umeweka mikono nyuma. Chakula cha mchana ukumbini, bwana, ni shati lenye mikono na viatu. Kaptura haina neno ikiwa kavu na safi. Nguo za kuogelea hapana, majoho ya taulo hapana, miguu mitupu hapana, na kofia zivuliwe. Suti na magauni ni mambo ya usiku. Ukakosea, ukacheka peke yako, ukaanza tena. Ulikuwa unamzuia mgeni ambaye hayupo. Nami nilisimama nje na karai langu nikashindwa kupita, kwa sababu maneno yale niliyasema mimi, karibu hivyo hivyo, kila siku ya Mungu, kabla hujazaliwa, katika hoteli moja kule Diani.

Wewe unanijua mimi wa dobi. Umekua ukinusa wanga wa mashuka kwenye mikono yangu. Hukuambiwa kwamba kabla ya dobi niliwekwa mlangoni mwa mkahawa, mbele kabisa, ambapo mgeni akipanda kutoka ufuoni na njaa yake, mtu wa kwanza kumwona ni mimi. Juzi ulisikia sauti zetu, mimi na babako, ukapandisha sauti ya redio. Sijui ulisikia kiasi gani. Ugomvi wetu ulikuwa ni wa huo mlango.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Nilipewa sketi nyeusi na blauzi nyeupe, na sharti moja: kichwa wazi. Meneja alisema wageni wanapenda kukaribishwa na sura ya furaha. Sikuelewa nywele zangu na furaha yangu vinahusiana vipi, lakini ile kazi niliitaka wallahi. Basi nikawa natoka hapa Mtongwe na buibui langu, napanda gari la wafanyakazi na buibui langu, na kule chumba cha kubadilishia nguo nalikunja, nalifungia kabatini, naondoka mtu mwingine. Jioni nalivaa tena. Siku ya kwanza feni ya dari ilinipiga kisogoni, nikajihisi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na hakumbuki ni nini. Baada ya muda hisia ile ikaondoka yenyewe. Kuondoka kwake ndiko kulikonitisha, si kuja kwake.

Kazi yenyewe sikuijua. Siku za mwanzo nilikuwa na sauti. Akaja mzee mmoja wa Kizungu, tumbo mbele, kaptura ya kuogelea inachuruzika maji sakafuni, na mkewe nyuma yake kavaa vizuri kabisa. Nikasimama wima nikamwambia, kwa ile sauti ninayokuitia ukichelewa, kwamba humu hakuingiwi hivyo. Ukumbi mzima ukageuka. Mzee wa watu akawa mwekundu mpaka kifuani. Mkewe akasema neno kwa lugha yao, akampita, akaenda kukaa akala peke yake. Yule bwana hakurudi. Alikwenda kukaa kwenye kile kibanda cha vinywaji kando ya bwawa, akala karanga, na kila nilipochungulia nilimwona yuko pale pale, ametupa mgongo.

Supavaiza wetu alikuwa Bwana Mutiso, mtu wa Machakos, mpole, anayetembea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Akanivuta kando.

"Rukia," akaniambia, "mgeni ukimwambia akishafika mlangoni, umechelewa. Watu wameshamwona. Wewe mwendee. Akiwa bado kwenye ngazi, mwambie karibu, chakula kipo, samaki leo ni mzuri, imebaki shati tu."

Nikafanya hivyo. Nikawa siungoji tena, natoka, nakutana nao njiani, nazungumza chini chini. Nikaweka leso na mashati mapana kwenye droo ya meza yangu, nawaazima. Wanawake walizipenda zile leso, wakawa wanakuja makusudi bila ya kujifunika ili niwafunge. Nikaanza kujiona fundi.

Halafu likizo moja ya shule ikaja familia kutoka Nairobi. Baba mtu alikuwa na kaptura safi na vesti nyeupe, ile isiyo na mikono. Nikamwendea kwenye ngazi kama nilivyofundishwa, nikamwambia kwa upole wangu wote. Hakukasirika. Mkewe ndiye aliyenitazama, kisha akatazama ndani, juu ya bega langu.

"Dada," akasema, "na yule pale?"

Nikageuka. Meza ya dirishani alikuwa amekaa kijana wa Kizungu na vesti yake, mabega yamebabuka kwa jua, anakula zake samaki. Mimi ndiye niliyempitisha. Na sikuwa nimemwona, Mwanasha. Nakuapia. Kwa yule macho yangu yaliona mgeni, hayakuona vesti. Kwa huyu wa kwetu yaliona vesti kabla ya kuona mgeni.

"Samahani mama," nikasema.

"Samahani ya nini? Ya kumzuia mume wangu, au ya kumwacha yule?"

Mpaka leo nikikumbuka nahisi joto masikioni. Nikatoa shati kwenye droo nikampelekea yule kijana, akalivaa. Mume akaenda chumbani kubadilisha. Walikula, watoto wakafurahi, lakini yule mwanamke hakunitazama tena mpaka siku waliyoondoka. Mimi nikajiwekea nadhiri: kuanzia sasa sheria ni moja, kwa mfupi na mrefu, mweusi na mweupe, sichagui. Nikaishika hiyo nadhiri kwa bidii, na nikamtangazia Bwana Mutiso, akafurahi.

Nimenyanyuka. Jirani amekuja kuulizia saa ya kesho ya kuondoka, na ananiambia nisijali, mabinti siku hizi wanakwenda mpaka Marekani na wanarudi. Nimemwitikia. Sijui kwa nini watu wakiniambia nisijali ndipo ninapojali zaidi.

Wakati ule mimi na babako tulikuwa tumeoana hata mwaka haujaisha. Alikuwa fundi wa friji, ameajiriwa na kampuni moja kule Changamwe, wanamtuma huku na huku. Alijua nafanya kazi mkahawani. Kwamba nasimama kichwa wazi hakujua. Sikumwambia, naye hakuuliza, na mimi nilijiambia kuwa asiyeuliza hataki kujua.

Siku moja chumba cha barafu cha hoteli kiliharibika, wakaita mafundi. Mchana, wageni wamejaa, namwona meneja anakuja kwa mlango wa mbele na watu wawili wenye mikoba ya vyombo, kwa sababu ujia wa nyuma ulikuwa umemwagikiwa mafuta. Mmoja wao alikuwa babako. Sikuwa na pa kujificha. Nywele nilikuwa nimesuka, na aliyenisuka ni mamake mwenyewe, jioni iliyotangulia, hapa uani. Akanipita karibu, kiasi ningenyoosha mkono ningemgusa. Akanitazama. Akasema:

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, kaka," nikamjibu.

Akaingia ndani na meneja. Mimi nikamkaribisha mgeni aliyefuata na sikumbuki alivaa nini. Angekuwa uchi ningempitisha.

Nilirudi nyumbani jioni ile roho juu juu. Nilimkuta barazani anasikiliza mpira redioni. Akaitikia salamu, akaomba chai. Nikapika. Nikangoja amalize kikombe. Nikangoja mpira uishe. Nikangoja kesho yake na kesho kutwa. Hakusema kitu. Wewe unamjua babako, akinyamaza ni kama mlango wa chuma. Sikujua kama amenisamehe, au ameudhika, au amenistahi. Nikaendelea kwenda kazini kama kawaida, nakunja buibui kabatini, lakini sasa kila nikisikia mkoba wa vyombo unagonga mahali nageuka.

Haukupita muda mrefu akaja Bi. Margit.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amekuja peke yake. Alikaa meza ya pembeni kila mchana, anakula kidogo, na kichwani ana kofia kubwa ya ukili, ile ya ufuoni. Siku ya kwanza nilimpitisha nikidhani ataivua akikaa. Hakuivua. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu alikuwapo bwana mmoja ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia avue kofia yake ya kapelo, akavua, na upara wake ukaonekana, hakupenda. Sasa kaketi, anamtazama Bi. Margit, ananitazama mimi. Mwishowe akamwita Bwana Mutiso. Sikusikia walichosema lakini nilikiona.

Bwana Mutiso akaja kwangu. "Rukia, yule mama na kofia. Mwambie."

Na bwana yule alikuwa na haki, Mwanasha. Hilo ndilo lililonichoma. Mimi ndiye niliyesema sheria ni moja.

Nikaenda. Nikainama karibu na sikio lake, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mchana humu ndani kofia huvuliwa, samahani sana. Akanitazama. Aliinua ukingo wa kofia kidogo tu, upande wangu, kiasi nione mimi peke yangu. Hapakuwa na hata unywele mmoja. Ngozi ilikuwa nyororo kama ya mtoto mchanga, na juu ya sikio pana kovu. Kisha akaishusha, akasema neno moja, "Tafadhali." Akaweka kidole mdomoni. Hakutaka watu wajue. Alikuja pwani ya watu awe mgeni tu kama wageni wengine, mwenye kofia.

Nikamwambia, "Kula mama, kula." Nikarudi mlangoni.

"Umemwambia?" akauliza Bwana Mutiso.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Siwezi."

"Siwezi maana yake nini? Yule bwana anatuangalia. Basi nitakwenda mwenyewe."

Ningeweza kumwambia, "Yule ni mgonjwa." Yangeisha pale pale. Bwana Mutiso hakuwa mtu mbaya. Lakini nilikuwa nimeombwa, na kile kidole mdomoni nilikuwa bado nakiona. Na si hilo tu. Kitu kingine kilikuwa kimeshanipanda kifuani, na kilipofika mdomoni sikukizuia. Nilimsimamia njiani, mbele ya watu.

"Bwana Mutiso," nikasema, "mimi kila siku nimevuliwa ndipo nikasimama hapa. Yule hatavuliwa mbele yangu."

Akabaki ananitazama kama ameona mtu mwingine. Nadhani hata mimi niliona mtu mwingine. Sikujua kwamba neno lile nilikuwa nalo. Hakwenda. Alisimama kidogo, akarekebisha tai yake, akageuka kwenda jikoni. Yule bwana wa upara alipoona hivyo akachukua kapelo yake mezani, akaivaa, akaendelea kula. Na Bi. Margit akala chakula chake mpaka mwisho, akatoka, akanipungia mkono kama alivyonipungia jana yake. Hakujua lolote. Baada ya siku chache alikwenda kwao, na sikupata kusikia habari zake.

Nimejiuliza sana tangu wakati ule kama nilimpigania yeye au nilijipigania mimi. Naona ni vyote viwili. Nadhani kama isingekuwa kichwa changu mwenyewe, nisingekiona chake vizuri.

Wiki iliyofuata nikahamishiwa dobi. Meneja aliniambia mlango unataka mtu asiyejibu. Nililia garini njia nzima ya kurudi, kwa sababu mlangoni nilikuwa napapenda. Usinielewe vibaya. Nilipenda zile asubuhi kabla wageni hawajaja, meza zimetandikwa, nasikia sahani zinagongana ndani. Nilipenda kujua nani anakula nini. Dobi ni joto na mvuke, na hakuna anayekuona. Ndiyo maana huko hawakujali nikijitanda.

Jioni ile nikamwambia babako, "Wamenihamisha. Niko dobi."

Akapunguza redio. Kisha akauliza, "Huko unajitanda?"

"Najitanda."

Uso wake ukafunguka, Mwanasha. Tangu siku ile ya chumba cha barafu sikuwa nimeuona vile. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilijua utarudi mwenyewe. Ndiyo maana sikusema kitu." Kesho yake akaniletea doti ya leso, nzuri, ya rangi ya zambarau.

Nami nikaipokea. Ningemwambia nini? Ameketi pale anafurahi, nami nimechoka. Nikaona haina madhara. Na mwaka ukapita, ukazaliwa wewe, na ile hadithi ikazoea nyumba hii. Nilimsikia akiwasimulia ndugu zake: mke wangu aliacha kazi ya mbele kwa heshima yake mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Kila akisema hivyo nilikwenda jikoni.

Halafu ukaja wewe na meli yako. Yule bwana wa wakala wa ajira za melini akakwambia mlangoni mwa ukumbi mtandio haukubaliwi, ila ukitaka dobi au usafi wa vyumba wanaweza kuangalia. Nawe ukasaini mlango. Hukuniuliza, na sikukulaumu. Babako akangoja. Alidhani utabadilisha. Juzi alipoona sanduku limefungwa ndipo akaniita chumbani.

"Zungumza na mwanao," akaniambia. "Mwambie yako wewe. Mamake alisimama pale pale anapotaka kusimama yeye, na akarudi ndani kwa akili yake."

Nikasema, "Sikurudi. Nilirudishwa."

Nikamweleza yote, kofia na kila kitu. Hapo ndipo uliposikia sauti. Sauti ilikuwa yangu zaidi kuliko yake. Yeye aliuliza tu, "Kwa hivyo miaka yote hii?" Nikasema ndiyo. Akachukua mkoba wake wa vyombo akatoka. Tangu hapo ametengeneza friji za mtaa mzima. Akiingia ananisalimu, akila anashukuru, na hasemi lingine. Leo baada ya sala ya adhuhuri amekwenda tena, sijui kwa nani, maana friji mbovu nadhani zimekwisha Mtongwe.

Kwa hiyo nikwambie nini? Sikwambii jitande. Sikwambii vua. Wewe ni mtu mzima, na mimi niliyefanya vyote viwili siwezi kujifanya sijui uzito wake. Ninachojua ni kidogo. Najua siku ya kwanza utahisi umesahau kitu nyumbani. Hiyo hisia usiifukuze haraka, itakusaidia. Siku atakapokuja mlangoni mtu asiyevaa sawasawa, ukamwona kabla ya kuiona nguo, itakuwa ni kwa sababu wewe mwenyewe unakumbuka kusimama mbele ya watu na kitu kimepungua. Ukifika uliza tena habari ya mtandio, uliza kwa adabu, muulize mkubwa zaidi. Wakikataa, utajua la kufanya, na lolote utakalofanya usinifiche kwa kunistahi. Kustahiana kwa namna hiyo kumetugharimu humu ndani.

Na ukikosea, maana utakosea, utamzuia asiyestahili kuzuiwa na utampitisha mwingine, basi akikuuliza mtu "na yule?" geuka utazame. Mimi nashukuru niligeuka.

Nilikuwa nimeishia hapo, nimeshaikunja karatasi. Nimeikunjua.

Babako amerudi. Alasiri imekwisha adhiniwa. Ameingia, amesimama pale penye kochi na mkoba wake, akaona kalamu.

"Unamwandikia?"

"Namwandikia."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akaweka mkoba chini, akakaa. Nikafikiri atanyamaza kama kawaida yake. Akasema, bila ya kunitazama, "Siku ile uliniita kaka."

"Wewe ndiye uliyeanza na dada."

Akacheka. Alicheka kweli, mpaka akafuta macho, nami nikamfuata, na sijui ni lini mara ya mwisho tulicheka pamoja vile. Kisha akasema, "Nilisema dada kwa sababu nilikuwa na meneja. Niliogopa nikisema mke wangu watakuharibia kazi. Nywele sikuzifikiria pale. Nywele nilizifikiria ndani ya gari, tukirudi Changamwe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umesimama vizuri."

Mwanasha, miaka yote nimelingoja neno la babako juu ya siku ile, na neno lenyewe ndilo hilo. Nimelazimika kuinuka nikaenda kuosha uso.

Niliporudi nilimkuta amechukua ile picha mliyopewa kwenye mafunzo, ya ukumbi wa kulia wa meli yenu, meza nyeupe na vioo na bahari nje. Anaitazama karibu na uso, maana miwani ameiacha kwa watu. Hakuuliza kuhusu mtandio. Alikuwa anapitisha kidole kwenye picha, meza hadi meza, kama anayetafuta hitilafu kwenye mashine.

"Mchana wageni wote hawa wakiwa wanakula," akaniuliza, "yeye atakula wapi?"

Nikasema sijui.

"Wewe ulikuwa unakula wapi?"

"Nyuma ya jikoni. Wageni wakishamaliza."

"Umekaa?"

Nikatikisa kichwa. Akaiweka picha mezani, akaigeuza uso chini.

"Muulize," akasema. "Andika hapo umuulize."

Basi nakuuliza. Ukifika na ukipata simu, usituanzie na habari za meli na ukubwa wake. Mwite babako kwanza, umwambie umekula nini, na kama ulikaa.

Mamako,
Rukia